Besi ya kompyuta kwenye nyimbo za kwaya: ni ufundi au tunadanganya watu?

Fundi Mitambo, Sakina

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kwaya imerekodi nyimbo sita kwangu. Sauti yote ya gitaa la besi niliipanga mwenyewe kwenye kompyuta, nota moja moja, usiku. Siku ya kusikiliza wakaifurahia kweli, mmoja akauliza, "Huyu mpiga besi umemtoa wapi?" Nikasema ukweli: hakuna mpiga besi, ni mimi na mausi. Mwenyekiti akanuna. Kasema nimewauzia mbuzi kwenye gunia, kwamba watu watadhani kuna ndugu anapiga kumbe ni mashine imefundishwa kuigiza. Tangu siku hiyo hapokei simu, na salio langu bado liko kwake.

Naomba maoni: besi ya kompyuta ikisikika kama ya mtu, hiyo ni kazi ya fundi au ni udanganyifu?

Mimi nasema ni kazi, tena ngumu. Wengi wanapanga nota zote juu ya mistari ya gridi (ile inayogawa mapigo sawasawa kwenye skrini), zote nguvu ileile, kisha wanabonyeza kile kitufe cha kuipa ubinadamu. Kitufe kinarusha nota mbele na nyuma kama dadu. Mtu hakosei hivyo. Mwaka 2011 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, waliwapima wanamuziki wakakuta kuyumba kwa pigo moja kunahusiana na mapigo yaliyotangulia, hata ya mbali. Yaani binadamu akichelewa, kuchelewa kwake kuna mwendo.

Kwa hiyo mimi napiga mstari mzima kwa vidole kwenye kinanda huku wimbo unatembea, halafu narekebisha palipoharibika tu. Kwenye MIDI (lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huelewana), tangu ilipoanza 1983, nguvu ya nota inafika 127. Nota inayobeba kodi (zile nota zinazolia pamoja, si kodi ya nyumba) naipandisha, za kupitia nazishusha. Ila utamu hauko mwanzo wa nota, uko mwisho wake. Mpigaji anakata sauti kabla snea (ile ngoma ya dramu yenye mlio mkali) haijagonga, na kile kimya kidogo ndicho kinachochezesha bega. Nyimbo za taratibu naisogeza besi nyuma ya kiki (ngoma kubwa ya dramu inayopigwa kwa mguu, si kiki ya mjini) milisekunde 8 au 10. Kwenye sebene sithubutu, itasinzia.

Halafu kuna simu. Waya mnene wa besi ukipigwa wazi unatoa kama hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), sauti ya chini sana, na spika ya simu haina kifua cha kuitoa sauti hiyo. Msikilizaji wa simu anapata sauti za juu za huo waya pamoja na mkwaruzo wa kidole. Usipoweka mkwaruzo, kwake besi karibu haipo.

Kazi yote hiyo, halafu mtu aniite tapeli?

Nyuzi Nne, Majengo Moshi

Mkuu, hujaitwa tapeli kwa sababu ya milisekunde. Umeitwa kwa sababu ulinyamaza mpaka ukaulizwa.

Nimepiga besi miaka 14, kwaya na harusi. Zamani studio ilikuwa inaniita, elfu 50 kwa wimbo, nalala nimekula. Sasa naitwa kupiga "mistari miwili mitatu ya mfano", halafu nasikia mikono yangu kwenye nyimbo ambazo sikulipwa. Mnatuachia njaa na bado mnataka makosa yetu, maana ndiyo yanayonoga.

Na kuna kitu hukukitaja. Mimi sifuati saa, nafuata mguu wa mpiga dramu na mkono wa mwalimu wa kwaya. Akiuinua mwishoni mwa ubeti, wote tunavuta. Wewe umerekodi kwaya juu ya saa ya kompyuta, sasa hiyo besi itamsikiliza nani?

Chalii wa Unga Limited

Oya machalii, mnalilia nini? Mwaka 1981 kampuni ya Roland ya Japani walitoa TB-303, kamashine ka besi, mpiga gitaa aliye peke yake apate wa kumsindikiza. Haikufanana na mtu hata kidogo. Haikuuza, 1984 uzalishaji ukasimama. Vijana wa Chicago wakaziokota kwa bei ya kutupa, wakazungusha vitufe kinyume na maelekezo, ndiyo ikazaliwa acid house, muziki wa dansi wa kompyuta.

Kama ni mashine iache iwe mashine, isikike mashine. Hapo hakuna wa kudanganywa.

Nyuzi Nne, Majengo Moshi

Acid house kwenye ibada ya Pasaka. Haya.

Mama Kwaya, Ngaramtoni

Wanangu, mimi ni mhazini wa kwaya. Hela ya mpiga besi kwa nyimbo sita sina, naomba tuelewane hapo kwanza.

Shida yangu ni Jumapili. Kaseti ikitoka (nyie mnaita albamu) waumini wanataka tuimbe vilevile mbele yao. Kijana wetu wa besi yuko kidato cha tatu. Alijifunza wimbo mmoja wa studio wiki nzima, akalia. Mwalimu akausikiliza akasema hakuna mkono wa binadamu unaoweza kupiga vile. Sasa mtoto anajiona hajui.

Chalii wa Unga Limited

Mama shikamoo. Hapo sina neno.

Fundi Mitambo, Sakina

Shikamoo mama. Hiyo umenikamata, na naijua sababu. Gitaa la besi la kawaida lina waya wa inchi 34. Kutoka freti (vile vyuma vya shingoni) ya 1 hadi ya 12 mkono unasafiri karibu sentimita 38. Kwenye kompyuta hakuna safari, nota mbili zinagusana na sikio linakubali. Mpigaji angeacha pengo, au angeteleza juu ya waya, au angetafuta nota ileile kwenye waya wa pili bila kuhama. Nimefungua faili zangu sasa hivi: kati ya nyimbo sita, mbili hazipigiki.

Nyuzi Nne, kunyamaza nakubali kosa. Kwenye jalada nitaandika besi imepangwa kwa kompyuta. Ila elfu 50 sikubali, hata mimi sijalipwa. Njoo Sakina unipitie mistari yote sita, kila isipopigika unionyeshe kwa mkono. Elfu 15 kwa wimbo.

Nyuzi Nne, Majengo Moshi

Elfu 20, na jina langu likae kwenye jalada.

Fundi Mitambo, Sakina

Jina sawa. Elfu 15.

Nyuzi Nne, Majengo Moshi

Basi nauli ya kwenda na kurudi juu yako. Na dogo wa Mama Kwaya awepo. Nakuja na gitaa, nisikute umeniwekea mausi.