Msaada wakuu: tumeona mabaki ya meli ya zamani delta ya Rufiji, nifanyeje?

Mwanadelta
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mvuvi wa kamba huku delta ya Rufiji, upande wa Kibiti. Baada ya masika haya ukingo wa mkono mmoja wa mto umemeguka, na maji ya bamvua yakipwa sana yanaonekana mabati mazito ya chuma yenye ribiti, na nyuma yake kuna dude la mviringo kubwa kuliko nyumba yangu. Wazee wanasema ndiyo Königsberg, manowari ya Mjerumani. Wengine wanasema hapana, ni meli ya mali: Mjerumani alipoona anazidiwa alipakia dhahabu akaizamisha kwa makusudi.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, mtu anatambuaje meli ni ipi? Pili, aliyegundua anapewa asilimia ngapi? Naombeni majibu ya haraka, silali. Matusi hapana.

Pweza wa Kukaanga
Asilimia mia. Ya matope. Hongera sana mkuu.

Mama Shukuru
Mwanangu, mali ya wafu haina baraka. Kaka yangu aliuza kiwanja kwa ajili ya "rupia za Mjerumani". Aliletewa sarafu tatu kwenye kitambaa cheusi, akaambiwa mnunuzi yupo Dar, ila lazima kwanza inunuliwe dawa ya kuzisafishia. Dawa ikanunuliwa. Ikaja dawa ya pili. Hadi leo mnunuzi hajafika, na yeye amepanga chumba kwa mtu aliyemuuzia kile kiwanja. Achana nayo, vua kamba, mshukuru Mungu.

Msoma Nyaraka
Mwanadelta, Königsberg haikuwahi kupotea mpaka isubiri mtu wa kuigundua. Iliizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, mashine yake ikaleta hitilafu, ikarudi kujificha huko kwenu kwenye mikoko. Waingereza wakaziba midomo ya mto, wakaleta Severn na Mersey, meli za kina kifupi zenye mizinga mikubwa. Tarehe 11 Julai 1915 nahodha Looff akaamuru meli iharibiwe na watu wake wenyewe. Baadaye mizinga yake yote 10 ilitolewa ikaenda kupigana nchi kavu na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria. Mwaka 1924 haki ya kuchukua mabaki ilinunuliwa na mtu aliyekuwa nahodha wa ile ile Pegasus, na baada yake wengine wakaendelea kuchota vyuma. Watu waliobeba mizinga ya manowari kupita kwenye matope yale wangeacha dhahabu?

Ila delta ile haina mzoga mmoja. Kuna Somali, meli ya Kijerumani iliyoihudumia Königsberg, ikaungua kwa mizinga Novemba 1914. Kuna Newbridge, meli ya makaa ya mawe ambayo Waingereza waliizamisha wenyewe mwezi huo huo ili kuziba mkondo. Kwa hiyo nijibu: kuna maandishi yoyote? Na mmegusa nini mpaka sasa?

Fundi Boila
Ongezea hapo kwamba Pegasus ilinaswa imefungua mashine kwa matengenezo. Mimi nimekaa karakana za meli karibu maisha yangu yote na habari ile huwa inaniuma. Unafungua mashine, adui anatokea alfajiri, huna pa kwenda. Wajerumani nao walikuwa mafundi, msibishe. Graf von Götzen, meli yao ya Ziwa Tanganyika, waliipaka grisi kabla ya kuizamisha Kigoma mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma kikitunzwa kinaishi.

Mwanadelta
Asanteni kwa historia ila sijajibiwa asilimia. Hatujagusa kitu cha maana.

Msoma Nyaraka
Cha maana ni kipi, na kisicho cha maana ni kipi?

Mwanadelta
Sawa, nitasema. Mzamiaji wetu alitoa kibao cha brasi, kinakaa kiganjani. Kina maandishi ya Kiingereza, yanasomeka nusu. Tulikisugua kwa ndimu na mchanga kikang'aa. Tumetoa pia valvu mbili na mabomba ya kopa, hayo yameshauzwa. Na kuna bwana wa mjini ametupa kishika uchumba. Bamvua ijayo anakuja na mtungi wa gesi tukate lile dude, anasema sanduku liko nyuma yake.

Msinielewe vibaya. Chuma kile kinaliwa na chumvi kila siku, na hakuna ofisi iliyowahi kuja kukitazama. Nisipokata mimi atakata mwingine wa kijiji cha pili. Nikitangaza, naogopa watatufungia mkono mzima wa mto, na kamba wanaolipia ada za watoto wangu watabaki humo humo. Semeni nyinyi mtafanyaje.

Mzee wa Skrepa
Mimi nanunua chuma chakavu, kwa hiyo sikuhubirii. Nakwambia la kazi yangu. Mtungi wa gesi kwenye meli iliyozama vitani, HAPANA. Yadini kwetu kijana alileta kichwa cha bomba la zamani akidhani ni nanga ndogo. Tulikimbia wote, hadi mbwa. Lilibebwa na wanajeshi. Moto ule ukikuta baruti iliyokaa matopeni, asilimia yako wataigawana warithi.

Msoma Nyaraka
Ahsante mzee. Sasa kibao. Mwanadelta, kibao cha Kiingereza si kitambulisho cha meli ya Kiingereza. Pampu ya Uingereza iliweza kufungwa kwenye meli ya taifa lolote. Ndiyo maana kinachotakiwa ni kibao kikiwa PALE kilipofungwa: juu ya pampu, juu ya boila, au mlangoni? Mkishakitoa bila picha wala kipimo, kinabaki neno la mzamiaji. Na mlivyosugua, huenda mmefuta namba ya mtengenezaji, ambayo ndiyo ingekupa jina.

Haya mambo yamewaumbua wakubwa kuliko sisi. Mwaka 2015 pale Sainte-Marie, Madagascar, Mmarekani Barry Clifford aliibua pande la metali la kilo 50 akatangaza ni madini ya fedha ya haramia Kidd, Rais akahudhuria, picha zikazunguka dunia. UNESCO wakatuma wataalamu. Lile pande lilikuwa madini ya risasi asilimia 95, fedha hakuna, na ile iliyoitwa meli ya Kidd ilikuwa vifusi vya ujenzi wa bandari. Jina lilitangulia, ushahidi ukafuata nyuma. Huko kwenu jina la Mjerumani limeshatangulia, na mtungi wa gesi unakuja kuumaliza ushahidi.

Na kuhusu dhahabu yenyewe. Sarafu za dhahabu za Mjerumani ambazo watu wanaziota, zile za rupia 15 zenye tembo, zilitengenezwa Tabora mwaka 1916, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Somali iliungua 1914. Königsberg iliharibiwa 1915. Zingepandaje?

Mwenye Mtaji
Mleta mada njoo PM. Nina mtaji na mashine ya kupima madini. Hao wanakukatisha tamaa.

Jicho Kavu
Nilikuwa nasubiri hilo tu. Wakuu hii ni chai, na sukari imezidi.

Someni bandiko la kwanza: maji yakipwa mabati yanaonekana. Bandiko la tatu ghafla kuna mzamiaji. Unazamia kitu kilicho nchi kavu? Picha hakuna. Jina la kijiji hakuna. Kibao kipo, ila kimesuguliwa. Mnunuzi yupo, ila hana jina. Sasa ametokea na mwenye mtaji. Kinachofuata mnakijua: "wakuu tumekwama laki tano ya mafuta ya boti." Mama Shukuru, hicho si ndicho kitambaa cheusi cha kaka yako?

Mama Shukuru
Ndicho. Hata maneno yanafanana. Na mimi nilishaanza kumwombea.

Pweza wa Kukaanga
Mimi nilishaanza kutafuta ndoo ya kuchotea dhahabu. Nirudishieni muda wangu.

Mwanadelta
Sijaomba hela ya mtu humu na sitaomba. Mwenye Mtaji simjui, PM yake sijaifungua. Meli imelala kwa kuinama: upande mmoja uko ukingoni, mwingine umeingia mkondoni kwenye kina, na huko ndiko anakozama mzamiaji. Kijiji sikitaji na picha ya eneo siweki kwa sababu wenyeji wataujua ule mkono kwa mikoko tu, kesho kuna boti ishirini. Aliyeona chai asinywe.

Fundi Boila
Ngojeni, hili linapimika. Mwanadelta, lile dude la mviringo uso wake ukoje? Jibu kwa ulivyoona, usitafute mtandaoni.

Mwanadelta
Uso ni wa bapa. Chini kuna matundu matatu ya duara, mtoto anaweza kuingia akachuchumaa, ndani yake bati lina mikunjo mikunjo. Juu ya hayo kuna vitundu vidogo vingi vimepangana kama sega la nyuki. Vingi vimejaa chaza.

Fundi Boila
Jicho Kavu, samahani, huyu ameona boila.

Matundu matatu ya chini ni matanuru, humo ndimo makaa yalimokuwa yanawaka. Mikunjo ni ya kulipa bati nguvu lisibonyee kwa presha. Vitundu vya juu ni mabomba ya kupitisha moto, maji yanayazunguka nje. Boila za Königsberg zilikuwa kinyume chake, maji ndiyo yalikuwa yanapita ndani ya mabomba na moto nje, maana manowari inataka mvuke wa haraka. Hii anayoieleza ni boila ya meli ya mizigo ya zama zile. Imetulia, nzito, haina haraka. Nimezikarabati za aina hiyo, ningeijua hata gizani.

Jicho Kavu
Picha za boila zimejaa mtandaoni. Ila mikunjo ya tanuru sikuitegemea. Napunguza sukari, chai bado naishikilia.

Msoma Nyaraka
Basi tuendelee na alichokieleza. Boila ya meli ya mizigo inaiondoa Königsberg, na Somali na Newbridge zinabaki mezani, pamoja na nyingine tusiyoifikiria. Hapo ndipo unapoona kwa nini kukata ni hasara. Somali iliungua, kwa hiyo tafuta mabati yaliyopinda kwa moto. Newbridge ililazwa kukingama mkondo ikalipuliwa chini, kwa hiyo mlalo wake na matobo ya chini ndiyo yatakayosema. Vyote hivyo vinasomwa meli ikiwa imelala ilivyolala. Kipande kilichokatwa kikaletwa ukingoni hakisemi chochote.

Asilimia uliyoiuliza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863, kwa hiyo meli ya 1914 inaweza kuteleza hapo mpaka waziri aitangaze. Madalali wanaujua mwanya huo, bwana wako wa mjini lazima anaujua. Binafsi naona ni mwanya wa aibu, maana mkataba wa UNESCO wa 2001 unahesabu miaka 100 chini ya maji, na hizi zimeshaipita. Lakini mwanya huo haukupi umiliki. Sheria ya meli ya mwaka 2003 inataka anayeokota mabaki ya meli amtaarifu mpokeaji wa mabaki. Ukitaka kudai chochote kihalali unaanzia hapo, na nakala kwa Idara ya Mambo ya Kale. Pita kwa mtendaji wa kijiji na BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, kwanza, na hofu ya kufungiwa uvuvi iandike humo humo kwenye barua. Ni hoja ya haki, usiifiche.

Mwanadelta
Kwa hiyo hakuna dhahabu.

Msoma Nyaraka
Kwa unavyoeleza, makaa ya mawe. Lakini ni meli ambayo watu walifia vitani kwa ajili yake, na iko kwenye maji yenu. Watoto wako wakiulizwa Rufiji kulitokea nini wana cha kuonyesha kwa kidole.

Mwanadelta
Kidole hakilipi ada, kaka. Ila nimesikia la mabomu, nina mdogo wangu kwenye lile kundi. Nimempigia yule bwana, nimemwambia mtungi usubiri. Amekasirika, anataka hela yake, na nusu imeshaingia kwenye injini ya boti.

Mzee wa Skrepa
Mrudishie kidogo kidogo, kwa maandishi, mbele ya mjumbe. Na kibao usikubali akichukue kama rehani.

Mwanadelta
Kibao anacho yeye. Tulimpa siku ile alipotoa hela.

Jicho Kavu
Bandiko la tatu uliandika kinakaa kiganjani.

Mwanadelta
Kwa ukubwa ndiyo kinakaa. Sikusema kiganjani kwa nani.

Msoma Nyaraka
Hilo tuliache. Kilipigwa picha kabla hajaondoka nacho?

Mwanadelta
Mdogo wangu alipiga, kabla hatujakisugua. Simu yake iko chaji kwa jirani, ana sola.

Msoma Nyaraka
Kabla hamjakisugua? Kaichukue sasa hivi. Picha isipunguzwe ukubwa, na usiikate pembeni, huenda namba iko ukingoni. Ya eneo usiweke humu, nimekuelewa. Ya kibao iweke.