Programu gani ya kuediti video za harusi kwa laptopu ya kawaida?

Swali
Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Nimeanza kurekodi harusi za ndugu na marafiki, natumia kamera mbili na simu moja naiegesha pembeni, kurekodi sio shida, shida iko kwenye kuediti. Laptopu yangu ni RAM GB 8, haina kadi ya grafiksi ya peke yake, nikiingiza klipu za 4K inaganda. Nataka ya bure ambayo haiweki alama yake kwenye video ya watu. Nichukue ipi?

Jibu
DaVinci Resolve mkuu. Toleo la bure halina alama, ila ukigusa efekti za toleo la kulipia ndo inaiweka. Klipu za kamera zako zote inazilinganisha yenyewe kwa kusikiliza sauti, na kwenye rangi sijaona ya bure inayoifikia, shela jeupe linabaki jeupe.

Jibu
Resolve ni nzuri sikatai, lakini kwa RAM 8 bila kadi atateseka bure. Chukua Kdenlive au Shotcut, zote bure kabisa, halafu washa proksi, yani programu inatengeneza nakala nyepesi za klipu zako, unakata na kupanga ukitumia hizo, siku ya kutoa video inarudi kwenye klipu halisi yenyewe kwahiyo ubora haupungui. Hata hiyo Resolve ina proksi.

Jibu
Naongezea hapo kwenye simu, maana ndo iliyoniumiza. Simu nyingi hazirekodi kwa idadi ya fremu (picha kwa sekunde) isiyobadilika, inapanda inashuka, sasa ukiichanganya na kamera mwanzo unaona sawa, ukifika dakika ya 40 bi harusi anasema "nakubali" na mdomo umeshafungwa. Nilirudia kazi nzima siku 3, na kiapo ni kitu hakirudiwi jamani. Siku hizi klipu za simu zinapita kwanza HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, nachagua fremu zisizobadilika, 25 au 30 kulingana na kamera zangu, ndo naanza kuediti.

Muulizaji
Asanteni sana, kumbe ndo maana sauti ilikuwa inaniacha nikadhani maiki mbovu! Naanza na Kdenlive na proksi. Je klipu za mwanzo nifute nikishamaliza?

Jibu
Usifute ndugu, weka kwenye diski mbili tofauti mpaka maharusi waione na waridhike.