Yadi imetupunguza mafundi 17. Tutawanyike au tushikane?

Mwana wa Jomvu
Assalam aleikum, habari zenu nyote. Nina miaka tisa kwenye yadi ya makontena Miritini, hapa Mombasa, upande wa matengenezo. Wiki jana tulipewa barua mafundi 17 siku moja. Mwajiri asema kazi imepungua. Kuna wachomeleaji sita, maseremala wa sakafu, wapaka rangi, na mimi mkaguzi: kontena likirudi tupu nalizunguka, kisha nafungiwa ndani gizani nitazame mwanga wapenya wapi, naandika cha kurekebishwa. Wenzangu wengi washaamua, huyu tuktuk, yule bodaboda. Mimi moyo waniambia tufungue karakana yetu, lakini nina watoto watatu na nyumba ya kupanga. Aliyepitia haya naomba aniambie kweli.

Mzee wa Kuchomelea
Waaleikum salaam mwanangu, pole sana. Mimi yalinikuta 2019. Treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi, ilianza Januari 2018, makontena ya bara yakawa yatupita hadi Embakasi, Nairobi. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mzigo wa bara upande treni, watu wakaandamana mjini. Mbele ya geti letu zamani ulisubiri malori mpaka uchoke ndipo uvuke barabara. Mwaka ule mbuzi walilala pale. Tulitolewa tisa.

Kosa letu lilikuwa kungoja. Tulisema korti itaamua, mambo yatarudi. Kweli, Mahakama Kuu iliibatilisha amri ile, lakini ni Novemba 2020. Rais mpya alipoagiza shughuli za mizigo zirudi Mombasa ilikuwa Septemba 2022. Watoto hawangojei chakula miaka mitatu. Wenzetu sita walitawanyika, watatu tukakodi kiwanja Mikindani na mashine moja ya kuchomelea.

Kazi ya kwanza, kinyozi alitaka duka. Tukanunua kontena kuukuu la futi ishirini, tukakata ubavu kwa grinda bila kuweka fremu. Sisi, mafundi wa makontena! Tulizoea kuziba matundu, hatujawahi kufungua dirisha. Yale mabati ya mikunjo ndiyo yanayobeba, tulipoyatoa paa likalegea mbele ya macho yetu, tukashinda usiku mzima kulinyanyua kwa jeki. Tangu hapo twachomelea fremu ya chuma kwanza, ndipo twakata. Matundu ya hewa twayaweka juu, pande mbili, kwa sababu jua la Mombasa ndani ya chuma si mchezo. Na kutu twaikwangua mpaka chuma king'ae kabla ya rangi, maana chumvi ya hapa haisamehi.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulitazamia. Baada ya miezi saba akanipigia simu meneja wa yadi ile ile iliyonitoa. Makontena machache yaliyobaki hayakuacha kubonyea, na mafundi hana. Akataka tuyarekebishe, alipe kwa kila kontena. Kazi niliyokuwa nikilipwa mshahara sasa namuuzia, tena nikaweza kuiuza kwa yadi ya pili na ya tatu, jambo ambalo nikiwa na sare ya kampuni nisingethubutu. Mzigo uliporudi tulikuwa tushasimama.

Kwa hiyo tazama ulicho nacho. Wa kuchomelea Magongo wamejaa. Lakini mtu anayejua vipimo vya IICL, chama cha wakodishaji makontena duniani, akasema mbonyeo huu wapita na huu haupiti, huyo hatukuwa naye, na makontena mawili yalirudishwa kwa gharama yetu. Mali ya kundi lenu ni wewe. Usipande tuktuk.

Halafu haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yasema si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Miaka tisa ni siku 135. Juu yake ilani ya mwezi au mshahara wake, na likizo ambazo hukwenda. Barua yenu kama haikupitia chama cha wafanyakazi au afisa wa leba, usitie sahihi kwanza.

Mama Mahamri
Mwanangu, nami niseme. Nilikuwa na kibanda nje ya geti huko Changamwe, mahamri na mbaazi asubuhi, wali na samaki mchana. Makontena yalipopungua madereva walikwenda na madeni yangu. Daftari bado ninalo. Sisi hatukupewa barua, na hakuna kifungu cha siku 15 chetu. Nilihamia Kongowea, nikaanza upya kwa unga kilo mbili. Mkifungua karakana mtahitaji kula. Mniwekee nafasi getini.

Kijana wa Kisauni
Kaka, hata Nokia kule Ufini ilipitia haya. 2011 iliacha mfumo wake wa simu ikaenda na Microsoft, maelfu wakapoteza kazi. Lakini ilianzisha mpango ulioitwa Bridge: mwenye wazo la biashara alipewa mtaji hadi yuro 25,000, na watu hadi wanne waliweza kuunganisha zao. Kampuni ya Jolla ilianzishwa na watu waliotoka humo. Yadi yenu haina pesa za Nokia, lakini mashine za mafundi 17 zitakaa bure. Mmeuliza zitafanywa nini?

Mwana wa Jomvu
Hatukuuliza. Nimewapigia wenzangu jana usiku, saba wamekubali tushikane. Jumatatu twaenda kwa afisa wa leba, kisha kwa meneja tumwombe atuuzie grinda nne na kompresa, akate kwenye malipo yetu. Mzee, naomba nije Mikindani nione fremu mnavyoweka. Na Mama, likitokea kontena bovu nataka nilifanye jiko lako. Mzee, sakafu yake yafaa?

Mzee wa Kuchomelea
Njoo Jumapili, baada ya adhuhuri. Sakafu ile ni plaiwudi ya milimita 28 na kiwandani hutiwa dawa ya wadudu. Kwa jiko ing'oe yote, weka bati la chuma. Plaiwudi usiichome kama kuni.