Tembo wamemaliza mahindi ya mzee huko Kaliua, Tabora, malipo yanapatikanaje?

Kijana wa Kaliua: Wakuu habari zenu. Juzi usiku tembo wameingia shamba la mzee, mahindi yalishabeba yanasubiri kukauka tu, wamekula kama ekari tatu na ambayo hawakula wamekanyaga, nyayo kama mabeseni. Na mbolea mzee alikopa. Mtendaji kaja kaangalia kaondoka. Serikali inalipa shingapi na tunaanzia wapi?

Mnyamwezi Original: Pole sana mkuu. Thamani ya mahindi sahau, kinachotolewa ni kifuta jasho. Kanuni za 2011 zilipanga kwa ekari na kwa umbali toka mpaka wa hifadhi, kuanzia 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5 hata kama wamefyeka 20. Ukilima ndani ya mita 500 toka mpaka, kwa kanuni hizo ulikuwa hupati kitu. Viwango vya sasa muulize afisa wanyamapori wa wilaya. Mzee yuko umbali gani?

Kijana wa Kaliua: Kama kilomita mbili hivi. Ila wanyama ni wa serikali halafu ukiwagusa unafungwa, wakikuumiza unafutwa jasho 😂

Mama Uvinza: Mwanangu msiguse hilo shamba mpaka afisa ugani afike apime. Huku kwetu kuna waliong'oa mabua haraka haraka wakapanda mihogo, mtaalamu kuja anakuta shamba jipya, sasa ataandika nini? Pigeni picha za nyayo na mavi, weka ndala pembeni ukubwa uonekane, maana nyani na ngedere hawalipiwi na kuna watu watakwambia hao ni nyani. Fomu ikitoka kijijini inaenda wilayani, halafu wizarani. Hapo ndo subira, sisi tulivuna msimu mwingine kabisa bado tunasubiri.

Fundi Mizinga: Malipo sawa ila watarudi hao. Tabora mnajaza asali nchi nzima, si mzungushie shamba mizinga? Tembo anaogopa nyuki.

Mnyamwezi Original: Ekari ngapi utazungusha mkuu, na mizinga ikiwa mitupu? Vitambaa vya pilipili na oili chafu ni bei rahisi, japo mvua ikinyesha unapaka upya.

Kijana wa Kaliua: Nimempigia mzee, hagusi kitu. Tatizo afisa ugani anasema pikipiki haina mafuta. Nikimpa hela si itakuwa rushwa?

Mama Uvinza: Hela usimpe. Mfuate na bodaboda, apime, asaini, umrudishe.