Tangu lini Walter Payton akalinganishwa na punda wa maji?

Kikombe cha Pili: Wana jukwaa, naandika haya kabla sijavua viatu, kwa sababu nimetoka kijiweni sasa hivi na kahawa niliyoilipia nimeiacha palepale inafuka moshi. Aliyeniondoa mnamfahamu, wala sina haja ya kumtaja, maana hakuna mtu wa mtaa huu ambaye hajawahi kukatizwa maneno naye.

Nilikuwa naeleza kwa utulivu habari za Walter Payton, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukimbia na mpira mikononi huku wapinzani wakikuangusha, aliyezaliwa Columbia, Mississippi, akasoma Chuo Kikuu cha Jackson State, kisha timu ya Chicago Bears ikamchukua mwaka 1975, akiwa wa nne kuteuliwa miongoni mwa vijana wote wa mwaka ule. Nikasema kwamba katika misimu 13 alikosa mechi moja tu, na kwamba alipostaafu alikuwa amekimbia na mpira yadi 16,726, jumla ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake. Watu walikuwa wananisikiliza. Ndipo nikafanya kosa la kiungwana: ili asiyejua yadi asiachwe nyuma, nikaongeza kwamba hizo ni kilomita 15 na ushei.

Mheshimiwa akaweka kikombe chini, akapangusa chembe za kashata kwenye masharubu, akauliza, “Kilomita 15 kwa miaka 13?” Halafu akatamka kwamba punda wa maji wa mtaani kwetu huumaliza mwendo huo kabla ya adhuhuri, tena akiwa na madumu sita mgongoni na bila kuvalishwa helmeti.

Punda! Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi ng'ambo ya bahari, na muuza kahawa, ambaye ananidai, alicheka kuliko wote. Huyo punda amewahi kurukiwa na wanaume wanne, kila mmoja na kilo zake mia na zaidi? Tarehe 20 Novemba 1977 Payton aliingia uwanjani akiwa na homa ya mafua, akawakimbilia Minnesota Vikings yadi 275, rekodi ya ligi kwa mechi moja wakati ule. Nilipoitaja hiyo, mtu wa pembeni akauliza ni madumu mangapi.

Madumu sita, na kashata mdomoni. Sitalala leo.

Mwana wa Ngamiani: Pole sana ndugu yangu, lakini aliyekuangusha ni wewe mwenyewe. Nani alikutuma ubadilishe vipimo? Yadi 16,726 zinatisha hata kwa asiyezijua, ila kilomita 15 kila mtu anajua nauli yake ya bodaboda.

Bibi Karafuu: Ungemweleza kwamba alikabidhiwa mpira mara 3,838, akapata wastani wa yadi 4.4, na karibu kila mara safari iliishia chini ya rundo la watu. Punda akiangushwa mara 3,838, mwenye maji atakuwa amefilisika mwezi wa kwanza.

Kikombe cha Pili: Hoja hiyo ilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, mama, na ndiyo inayoniumiza.

Fundi Saa: Mnalilia punda, wakati dharau yenyewe ilitoka kwa kocha wake. Januari 1986 Bears waliwachapa New England Patriots 46 kwa 10 katika Super Bowl ya 20, yaani fainali ya ligi, na Payton, aliyeibeba timu hiyo miaka ilipokuwa haina kitu, hakufunga hata mara moja. Mpira ulipofika yadi moja kutoka mstari wa kufungia alipewa William Perry, pandikizi la safu ya ulinzi lililoitwa Jokofu. Kocha Mike Ditka alikuja kukiri kwamba anajuta. Nilikuwa sijazaliwa, na hasira ninayo hadi leo.

Mzee wa Rimoti: Hasira yako ni ya mchana, kijana. Fainali yao huanza saa nane na nusu za usiku wa kuamkia Jumatatu, na mchezo wa dakika 60 hunimalizia zaidi ya saa tatu, kwa kuwa kila wakipumua kidogo naonyeshwa tangazo la gari nisiloweza kulinunua. Mara ya mwisho nilifika kazini na alama za vitufe vya rimoti shavuni.

Mpwa wa Dallas: Mbona hakuna anayemlilia Emmitt Smith, aliyeivunja rekodi ya Payton ya jumla ya yadi mwaka 2002 na kumaliza na yadi 18,355?

Bibi Karafuu: Kwa misimu 15, baba. Fungua uzi wako.

Mwana wa Ngamiani: Asizigeuze kilomita tu.

Kikombe cha Pili: Naomba turudi kwa punda. Payton alifariki Novemba 1999, na ligi nzima imeipa jina lake tuzo ya mchezaji anayewatumikia watu wa jamii yake. Mheshimiwa ana tuzo gani?

Mzee wa Rimoti: Mpwa wa Dallas, hiyo mechi ya 2002 huku kwetu ilikuwa saa ngapi?