Wenzangu wamenichagua niandike bango la kumwonyesha kiongozi. Niandike au nisiandike?

Mkata Minofu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa siku nne.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Igogo hapa Mwanza, na kwa miaka saba nimekuwa nikikata minofu ya sangara katika kiwanda ambacho sitakitaja jina. Anayeifahamu kazi hii anajua kwamba mtu husimama kwenye maji ya barafu kuanzia saa moja asubuhi, na samaki wakiwa wengi hutoka saa moja jioni, vidole vikiwa vimekufa ganzi kiasi kwamba nikifika nyumbani binti yangu ndiye anayenifungua vifungo vya blauzi. Kisu ni cha kiwanda, aproni ni ya kiwanda, mabuti ni ya kiwanda, na anayetupanga zamu ni msimamizi wa kiwanda. Hata hivyo, kwa maandishi, sisi si watu wa kiwanda.

Miaka minne iliyopita kiongozi mmoja mkubwa alikuja kukikagua kiwanda akiwa na msafara na waandishi wa habari. Wenzetu watano walijitokeza mbele ya kamera wakaeleza kwamba tunafanya kazi miaka nenda miaka rudi bila mikataba. Kiongozi alimwita meneja, akamsimamisha mbele yetu kama mwanafunzi aliyechelewa namba, akampa siku 14 awe ametupatia mikataba, la sivyo atakiona cha mtema kuni. Tulishangilia sana, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Siku ya 14 mikataba ilikuja kweli. Ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, na aliyeandikwa kuwa mwajiri wetu hakuwa kiwanda bali wakala ambaye hatukuwahi kumwona. Miezi mitatu ilipokwisha, majina ya wale watano hayakuwamo kwenye orodha mpya iliyobandikwa getini. Kiongozi yule alishahamishiwa mkoa mwingine, na meneja yupo mpaka leo.

Tangu wakati huo wakala amebadilishwa jina mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa siku 35 zilizopita, na safari hii tuliambiwa kwamba saa za ziada hazitalipwa tena, kwa kuwa fedha tunayopewa kwa siku ni malipo ya zamu nzima, iwe ya saa nane au ya saa kumi na mbili. Makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, tunakatwa, lakini mwenzetu aliyekwenda kuulizia michango yake alikuta miezi mingi haina kitu.

Sasa imetangazwa kwamba baada ya wiki nne atapita kiongozi mwingine, mkubwa kuliko yule wa kwanza. Uongozi umeshaanza kutupima fulana za kumpokelea. Wenzangu wamechanga fedha, wamenunua mita tatu za kitambaa cheupe na kopo la rangi nyekundu, na wamekubaliana kwamba mimi ndiye niandike bango, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na ndiye ninayeandika daftari la chama chetu cha kuzikana. Kitambaa kipo chini ya kitanda changu. Nikikataa nitaonekana nimenunuliwa, na nikikubali, mwandiko wangu unajulikana hadi ofisini. Niandike au nisiandike?

Mwana wa Sengerema

Dada yangu, andika, tena kwa herufi kubwa. Nchi hii haiendeshwi na makaratasi, inaendeshwa na mtu mwenye amri. Enzi za hayati Magufuli tuliona mabosi wakitumbuliwa hadharani, na mama muuza mboga akisimamisha msafara barabarani na kusikilizwa papo hapo. Mwekezaji humwogopa mtu mmoja tu, yule anayeweza kumfungia geti. Hao wa tume na mahakama watakuzungusha hadi mtoto wako aoe.

Binti Nansio

Kaka Mwana wa Sengerema, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele wakati huo, kwa hiyo sikusemi kwa kejeli. Lakini tazama jambo moja ambalo halikuonyeshwa kwenye runinga. Amri ya kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi iliyotolewa mwaka 2013 iliweka shilingi 115,000 kwa mwezi katika biashara na viwanda, na kiwango hicho hakikuguswa mpaka amri mpya ilipoanza kutumika Januari 2023, kilipofikishwa shilingi 150,000. Ndani ya miaka hiyo yote kuna utawala mzima uliojinadi kuwa wa wanyonge. Meneja aliyefokewa jukwaani asubuhi aliendelea kumlipa kibarua wake kiwango kilekile jioni, na hakuwa amevunja sheria yoyote.

Na sisi wa visiwa vya ziwa hili tunaikumbuka Operesheni Sangara, ule msako wa uvuvi haramu wa mwaka 2018. Uvuvi haramu ulikuwepo, sikatai, na ziwa lilihitaji kuokolewa. Nyavu zilichomwa, faini zikatozwa ufukweni, na mwenye mitumbwi kumi alitafuta mtaji mwingine. Mvuvi aliyekuwa akilipwa kwa fungu la samaki alirudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa hakuna aliyemwandika popote kwamba alikuwa mfanyakazi wa mtu.

Mzee Mstaafu wa Mabatini

Mwanangu Mkata Minofu, shikamoo zako nimezipokea hata kama hujaziandika. Mimi nilikuwa kiwanda cha nguo hapa hapa Mwanza katika miaka ya sabini, na jambo lako nimeliona likivaa nguo nyingine.

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, serikali ililivunja shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi na kuunda chama kimoja tu, NUTA, chini ya chama tawala cha TANU, na katibu mkuu wake alikuwa waziri. Tuliambiwa kwamba kwa kuwa serikali ni yetu, hatuhitaji chama cha kubishana nayo. Kisha mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno na unyanyasaji. Vijana wa viwandani walikishika kifungu kile kama hirizi. Walikuwapo waliowafungia mameneja nje ya geti, na mwanzoni wakubwa walitabasamu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walipokwenda mbele zaidi na kukitwaa kiwanda wakiendeshe wenyewe, serikali ileile iliyotoa Mwongozo iliwaondoa.

Nilichokiona mimi ni kwamba mkubwa hupenda mfanyakazi anayelalamika kwake, na hampendi kabisa mfanyakazi anayejipanga bila yeye. Hao watano wenu walifanya la kwanza kwa nia njema, wakabaki watano. Kama wangekuwa wanachama mia mbili wenye kadi, orodha ya getini ingekuwa ngumu kuiandika.

Msimamizi wa Zamu

Naomba kusema kutoka upande wa pili, kwa sababu nimewahi kusimamia zamu katika kiwanda cha samaki, si hicho. Mnazungumza kana kwamba meneja wa Mwanza ndiye mwenye kisu. Bei ya minofu hupangwa na mnunuzi wa Ulaya, na mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za kuvua kwa sumu, viwanda vilisimama na watu walirudishwa nyumbani bila mtu yeyote hapa kuulizwa. Samaki nao wamepungua. Kuna siku gari la barafu linarudi kutoka mialoni likiwa na robo ya mzigo. Kumwajiri mtu wa kudumu kwa kazi inayopanda na kushuka namna hiyo si jambo rahisi. Siungi mkono kutolipa saa za ziada, huo ni wizi, lakini bango litamfukuza mwekezaji na geti litafungwa kwa wote.

Binti Nansio

Ndugu Msimamizi, samaki wakipungua zamu hupunguzwa na kibarua hula hasara. Wakiongezeka, kibarua hukaa saa kumi na mbili kwa malipo ya saa nane na bado hula hasara. Nieleze ni siku gani ya mwaka ambayo mizani hiyo huegemea upande wake. Kwa miaka mingi wakazi wa hapa wamekula mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki, huku minofu ikipanda ndege, na bado tunaambiwa tuogope kumuudhi mnunuzi.

Msukuma wa Ughaibuni

Nachangia kwa ufupi kutoka mbali. Msidhani ni Afrika tu. Hungaria chini ya Viktor Orbán, aliyejitangaza kuwa mlinzi wa taifa dhidi ya wageni, ilipitisha sheria Desemba 2018 iliyoongeza ukomo wa saa za ziada kutoka 250 hadi 400 kwa mwaka, na kumruhusu mwajiri kuzikokotoa kwa kipindi cha hadi miaka mitatu. Nchi hiyo imejaa viwanda vya magari vya makampuni ya Kijerumani yaliyokuwa yakililia uhaba wa wafanyakazi. Waandamanaji waliiita sheria ya utumwa, nayo ilisainiwa vilevile. Jukwaani mwanasiasa wa mabavu hugombana na mgeni, lakini ofisini huelewana naye vizuri tu.

Karani wa Haki

Dada, nimesoma uzi wote na nimeshangaa kwamba hakuna aliyehesabu siku. Naomba unisome taratibu, kwa maana hapa ndipo penye roho ya jambo.

Umesema mabadiliko ya saa za ziada yalitangazwa siku 35 zilizopita. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipoanza. Umebakiwa na siku 25. Kiongozi anakuja baada ya wiki nne, yaani siku 28. Kwa maneno mengine, mkimsubiri yeye, na hata akitoa amri kali kuliko ile ya kwanza, muda wenu utakuwa umepita siku tatu kabla msafara haujafika, na mwanasheria wa kiwanda analijua hilo vizuri kuliko ninyi. Kuomba kuongezewa muda kunawezekana, ila utatakiwa kuonyesha sababu ya msingi, na sidhani kama "tulikuwa tunamsubiri kiongozi" inafaa kuwa sababu.

Kuhusu kutokuwa watu wa kiwanda, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeweka vigezo saba, na kimoja tu kikitimia mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeitwaje. Miongoni mwake ni kufanya kazi kwa maelekezo ya mtu huyo, kupangiwa naye saa za kazi, kupewa naye vifaa, na kumfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wewe mwenyewe umeandika habari ya kisu, aproni, mabuti na msimamizi bila kujua kwamba ulikuwa unaandika hoja zako. Kwenye fomu namba moja ya Tume watajeni wote wawili, kiwanda na wakala wa sasa, ili wasirushiane mpira.

Na saa zenyewe ni hizi: kwa siku sita za saa 12, ukiondoa saa moja ya mapumziko kila siku, mnafanya saa 66 kwa wiki, wakati saa za kawaida ni 45. Ziada ni 21 kwa wiki na 84 kwa wiki nne, ilhali sheria inaruhusu 50 tu, tena kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu. Hapo sijagusa NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kila mmoja wenu aombe taarifa yake ya michango wiki hii, kimya kimya, bila kutangaza.

Mzee wa Mabatini amesema kweli kuhusu kadi. Nendeni ofisi ya TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, hapa mjini mkiwa wengi, siku moja, ili pasiwe na wa kwanza.

Mwana wa Sengerema

Hilo la siku tatu limenikata maini. Naondoa neno langu la herufi kubwa. Ila nasisitiza, siku ya msafara asivae mtu fulana ile.

Mkata Minofu (mwanzisha uzi)

Shikamoo Mzee wangu, na asanteni wote. Jana usiku niliwasomea wenzangu tisa ujumbe wa Karani nyumbani kwangu, mlango ukiwa umefungwa, na tulipofika kwenye hesabu ya siku, mmoja alinyamaza, akaomba nirudie. Tumekubaliana bango lisubiri. Mmoja alikasirika na kusema tumeogopa, na sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu ni kweli tunaogopa.

Tumeanza kukusanya ujumbe wa miamala ya simu tuliyolipwa. Kwa miaka hiyo minne majina manne ya wakala yanaonekana, lakini zamu na msimamizi ni walewale. Tatizo ni kwamba malipo yangu mimi huingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mume wangu, kwani nilipoanza kazi sikuwa na kitambulisho. Je, hilo litaniharibia?

Karani wa Haki

Halitakuharibia. Shemeji aende na kitambulisho chake kwenye duka la mtandao wenu, aombe taarifa ya miamala iliyopigwa mhuri kwa kipindi chote, kisha aandike kiapo mbele ya wakili kwamba fedha hizo ni mshahara wako. Daftari la kuzikana nalo libebe, kama lina majina ya wenzako wa zamu na tarehe za michango ya siku ya malipo. Toa nakala za kila karatasi kabla hujaikabidhi kwa yeyote, na fomu mkishaijaza, mpeni mwajiri nakala na mchukue saini ya aliyeipokea.

Mkata Minofu (mwanzisha uzi)

Daftari lina tarehe zote, tangu 2019. Kesho niko zamu ya asubuhi, kwa hiyo mume wangu ataanza na dukani, nami nitaungana naye Jumatano.