Naombeni ushauri: navuka kwenda Kongo mashariki wiki hii, nijiandae vipi?

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nina safari ya Kongo, upande wa mashariki, na sijawahi kuvuka ziwa maishani mwangu. Mwenye uzoefu anisaidie: nibebe pesa za aina gani, chanjo ipi inatakiwa, na nikifika nikae vipi nisijulikane kama mgeni. Pasipoti ninayo. Naomba tusiingize habari za vita, hizo nazisikia redioni kila siku. Ni safari ya kifamilia tu, nakwenda na kurudi.

Dereva Mstaafu
Kongo naijua, nimepeleka mizigo Lubumbashi miaka mingi. Beba dola, noti safi za vichwa vikubwa. Noti ikiwa na tundu la pini tu, hata iwe ya mia, unarudishiwa. Mama wa sokoni anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole ukingoni taratibu, akikuta imechanika kidogo anakuwekea mezani na kugeukia mteja mwingine. Usizikunje, zilaze katikati ya daftari. Chenji utapewa faranga, na faranga hata iwe imechakaa vipi wanaipokea bila neno.

La pili ni simu. Usipige picha daraja, bandari, ofisi ya serikali wala mtu mwenye sare. Siku moja mpakani Kasumbalesa nilipiga picha foleni ya malori nimtumie mke wangu aone kwa nini nachelewa. Kumbe pembeni ya picha kuna askari amekaa. Nilishikiliwa kwenye kibanda mpaka usiku, na simu niliikomboa kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya mafuta. Wakati huo mke wangu anadhani nimezima simu kwa makusudi. Hiyo kesi ya nyumbani ilikuwa ndefu kuliko ya mpakani.

Kijana wa Mwanga
Mkuu jifunze lingala kidogo, na usisahau kiatu kinachong'aa. Wakongo wanaanza kukusoma miguuni 😂

Nesi Rehema
Chanjo ni ya homa ya manjano, na kadi ya njano ni lazima. Tangu 2016 chanjo moja inatambulika maisha yote, ila kadi inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Umesema unaondoka wiki hii, je umeshachanjwa? Malaria chukulia kwamba ipo kila mahali, lala ndani ya chandarua. Maji usinywe bila kuchemsha au kutibu, kwa sababu Kalemie na Fizi kipindupindu hakiishi. Kama unaelekea upande wa Kamituga, mpox aina mpya ilianzia kule 2023, kwa hiyo epuka kulala kitanda kimoja na watu usiowajua na kuazimana mashuka. Halafu hujasema unakwenda wapi. Kongo mashariki ni kubwa.

Msomi wa Mtaa
Asiende popote. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025, Bukavu Februari, Uvira Desemba. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki yakafungwa. Viongozi wetu wamekaa Dar es Salaam Februari 2025, EAC na SADC pamoja, na bado watu wanakimbia makwao. Tumezika askari wetu kwa ajili ya Goma halafu mtu anauliza abebe noti gani!

Mwana wa Ujiji
Asante dada Rehema, asante mzee Dereva. Msomi, mimi siendi Goma. Chanjo sijachoma, ila kuna jamaa ameahidi kunipatia kadi kabla ya Alhamisi. Nashukia Kalemie, halafu naendelea juu kidogo kwa gari.

Mama Dagaa Kibirizi
Mdogo wangu, "juu kidogo" ndiyo wapi? Mimi nauza dagaa, Kalemie nakwenda na kurudi. Kalemie kwenyewe mtu anakaa, anafanya biashara, anarudi. Lakini ukitoka pale kwenda kaskazini unapita Bendera, unafika Lulimba, halafu unaingia Fizi. Kila hatua ina watu wake wenye bunduki na kila kizuizi kina bei yake. Sema jina la mahali.

Mwana wa Ujiji
Misisi.

Mchimba Mstaafu
Nilijua. Misisi hakuna anayekwenda kutembea, Misisi watu wanafuata dhahabu. Nimekaa machimbo ya kule na Kamituga. Kama ni kununua, sikiliza nikuokoe: dhahabu ya Kongo haitoki kihalali bila cheti cha serikali yao, na mgeni akikutwa nayo mfukoni yeye ndiye anageuka dhahabu. Utauziwa shaba iliyopakwa, imeyeyushwa mbele yako na mama anayetwanga mawe akilia njaa. Hapa kwetu tangu 2019 kuna masoko ya madini, nenda Geita ukanunue na risiti.

Mzee wa Busara
Vijana wa leo mnataka njia ya mkato. Babu zetu walilima michikichi hapo hapo Kigoma wakasomesha watoto. Mkono wa kazi haushindwi. Rudi shambani kijana wangu.

Mwana wa Ujiji
Jamani sinunui dhahabu. Namfuata kaka yangu. Alikwenda Misisi kuchimba, mwanzoni alikuwa anapiga simu, baadaye kimya. Mwezi uliopita simu imekuja kwa namba ngeni ya Kongo, mtu anasema kaka anaumwa na hawezi kuamka, na anadaiwa na mwenye shimo. Deni likilipwa anaachiwa, lisipolipwa haondoki. Mama hali chakula. Mimi ndiye mwanaume niliyebaki nyumbani. Ndiyo maana nikaomba ushauri wa safari, sikuomba ushauri wa kwenda au kutokwenda.

Nesi Rehema
Pole sana kaka. Deni kiasi gani, na wanataka lifikeje?

Mwana wa Ujiji
Hilo ni la familia.

Mama Dagaa Kibirizi
Umelileta kwa watu, limeshakuwa letu. Kiasi gani na kwa njia gani?

Mwana wa Ujiji
Dola 2,800. Mkononi. Anasema huko hakuna wakala, mtandao mbovu, nije mwenyewe na nisije na mtu. Atanipokea Lulimba na pikipiki. Kiwanja cha marehemu baba tumeshauza, pesa ninayo ndani, boti nimeshalipia. Najua mtasema ni hatari. Lakini kwa upande wangu nikikaa halafu kaka akafa kule, nitamtazamaje mama? Hata Wazungu wanakwenda Kongo na wanarudi.

Dereva Mstaafu
Wazungu wanakwenda na gari mbili, redio ya upepo na ofisi inayojua wako wapi kila saa. Hata hivyo wengine hawarudi. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na wanamgambo wa Mai-Mai pale Namoya, malori yakachomwa moto, na jeshi la Kongo ndilo lililowakomboa. Hao walikuwa kwenye msafara, na magari ya kampuni yenye watu wa kuwaulizia. Wewe upo juu ya pikipiki na bahasha. Nani atajua kwamba umepotea?

Mchimba Mstaafu
Niseme haki. Deni la shimo lipo kweli. Mwenye shimo kule wanamwita PDG. Anawalisha wachimbaji, ananunua tochi na mafuta ya pampu, na shimo likikubali anakata chake kwanza. Lisipokubali deni linakua, na mtu anaweza kuzunguka na deni hilo mwaka mzima. Lakini PDG hafungi mgonjwa kitandani, mgonjwa ni hasara kwake. Anachotaka ni mikono ya kuchimba. Nimeona wagonjwa wakibebwa kwa machela na wenzao mpaka kwenye zahanati, na PDG ndiye anayewahimiza wawatoe. Hapo kwenye "haondoki mpaka ulipe" ndipo stori inaponishinda.

Na nikuulize: Kongo kuna M-Pesa, tena inapokea dola. Mtu anayedai pesa yake anataka pesa ifike, hajali imefika kwa miguu gani. Huyu anataka pesa na wewe pia.

Chunguza Kwanza
Samahanini, mimi nina swali tofauti. Kwa nini tunaamini? Stori ya kaka aliyezuiwa machimboni niliisoma mahali, ilikuwa Msumbiji, na mwisho ikaja namba ya kuchangia. Nimepekua machapisho ya huyu ndugu. Mwaka jana kwenye uzi wa ada za shule aliandika, namnukuu, "mimi ndiye mtoto wa kwanza kwetu, kila kitu kinaniangukia". Leo ana kaka. Kaka ametokea wapi?

Kijana wa Mwanga
Duh! Wakuu nilikuwa nimeanza kulia 😭

Msomi wa Mtaa
Nami nilishangaa. Mtu mwenye kaka anayekufa anaulizaje habari za noti za vichwa vikubwa?

Dereva Mstaafu
Msomi, mtu mwenye shida anauliza kile anachoweza kukibeba mkononi. Mimi baba alipolazwa nilikuwa nauliza bei ya petroli. Acheni kumshambulia.

Chunguza Kwanza
Mzee sishambulii, nauliza. Atujibu.

Mwana wa Ujiji
Ni mtoto wa mama mkubwa. Mama yake alifariki akiwa mdogo, tumenyonya nyumba moja na kulala mkeka mmoja. Kwa mama yangu mzazi mimi ndiye wa kwanza, na kwa nyumba yetu yeye ndiye kaka. Kuna mtu hapa ambaye kwao si hivyo? Na sijaomba shilingi ya mtu. Nikiiomba nifungiwe.

Nesi Rehema
Hiyo mbona inaeleweka kabisa. Kwetu watoto wa mama mkubwa ni kaka na dada, hakuna neno jingine.

Chunguza Kwanza
Nimekubali kuhusu kaka. Simu bado siikubali. Wewe mwenyewe umemsikia kaka yako akiongea?

Mwana wa Ujiji
Hapana. Nilisikia mtu akikohoa nyuma. Kaka ana kikohozi cha vumbi, nakijua.

Mama Dagaa Kibirizi
Mdogo wangu, machimboni wote wanakohoa. Fanya hivi usiku huu kabla hujagusa boti. Mpigie huyo mtu, mwambie pesa ipo, lakini mgonjwa akuambie jina ambalo mama alikuwa akimwitia utotoni. Asiyeweza kuamka bado anaweza kunong'ona. Usimbembeleze wala usigombane naye, uliza hilo moja na unyamaze.

Na kadi ya kuahidiwa achana nayo. Kalemie wakikushika na kadi ya kughushi, watakuuliza na pasipoti, na mkoba, na hizo 2,800 utazieleza mbele ya watu wasio na haraka.

Nesi Rehema
Ongezea: Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana, na Kigoma kwa sababu ya wakimbizi kazi hiyo wanaijua. Haina malipo. Na Tanzania ina ubalozi mdogo Lubumbashi, waandikie jina kamili, mwaka aliovuka na picha. Ubalozi mdogo wa Kongo nao upo hapo Kigoma mjini, kaulize utaratibu wa kuingia leo ulivyo badala ya kuusikia kwa mwenye boti.

Mzee wa Busara
Na usali.

Mwana wa Ujiji
Nimepiga. Nimeuliza jina. Akasema kaka yuko shimoni, atapanda jioni. Nikamwambia ulisema hawezi kuamka. Akakata. Sasa hivi ametuma ujumbe: kama naogopa kuja, nitume 800 kwa M-Pesa, nyingine nimalizie baadaye.

Mchimba Mstaafu
Mwezi uliopita hakukuwa na wakala, leo yupo. Mgonjwa wa kitandani leo yuko shimoni. Na 2,800 imekuwa 800 kwa simu moja. Usitume hata mia.

Mwana wa Ujiji
Inawezekana kaka amepata nafuu. Inawezekana huyu bwana alichanganya maneno, kiswahili chao si kama chetu. Jina la kaka kamili alilijua, na jina la mtaa wetu. Mtu angeyajuaje?

Chunguza Kwanza
Kutoka kwa kaka yako mwenyewe, walipokuwa wanakula pamoja. Au kwenye simu yake, kama aliiuza au aliibiwa. Kumjua kaka yako si sawa na kuwa naye. Na sikiliza, nilikutilia shaka na nilikuwa na sababu, ila sasa nakuomba kama mdogo wangu: Lulimba usikanyage.

Mwana wa Ujiji
Misisi nimeacha. Lakini Kalemie nakwenda, hilo msinikataze. Kuna watu wanashuka kutoka machimboni kuuza pale, nitauliza ana kwa ana. Siwezi kumrudia mama nikamwambia niliuliza watu mtandaoni. Pesa ya kiwanja naiacha kwa mjomba, nabeba ya kula na kulala tu.

Mama Dagaa Kibirizi
Kwa hilo nakuunga mkono. Kesho asubuhi nenda ukachomwe sindano, halafu hesabu siku zako kumi, boti zipo kila wiki. Nauli ongea na nahodha aihamishe, akikataa niambie ni nani, nitazungumza naye. Siku ya kupanda angalia ziwa, kusi likivuma usione aibu kushuka, na usikae kwenye boti isiyo na jaketi la kuokolea hata kama wote wamekaa. Waliozama pale Goma Oktoba 2024 walikuwa wanaona gati kwa macho.

Nitumie faragha picha ya kaka yako na jina lake lote. Nina mteja anayepandisha dagaa mpaka Lulimba, mwanamke, anajulikana na vizuizi vyote. Atauliza kwa wanawake wanaotwanga mawe, wao wanamjua kila mwanaume anayekula pale na anayedaiwa.

Mwana wa Ujiji
Nimekutumia dada. Picha ni ya zamani kidogo, siku hizi atakuwa na ndevu.

Mama Dagaa Kibirizi
Nimeipata. Huyo mtu wa simu akipiga tena mwambie bado unatafuta pesa. Asijue kwamba tunauliza.